Gita la Wafula na Waya Niliyoikata

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitengeneza simu ya jirani kwenye kibaraza changu hapa Kitale. Alipogusa risasi ya kulehemu kwa chuma cha moto, moshi mwembamba ulipanda ukaniingia puani. Ni harufu ya utomvu wa msonobari, tamu kidogo, chungu kidogo, kana kwamba mtu amechoma ubani na msumari pamoja. Nilisahau mchele niliokuwa nachambua. Nilikuwa tena na miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa kando ya meza ya Baba, na mbele yangu kuna gita lililopasuliwa tumbo.

Acheni niwaeleze habari za gita hilo, kwa maana wazee wa Kamukuywa wanaolikumbuka hulisimulia vibaya, na mimi ndiye niliyeliharibu.

Baba alikuwa fundi wa redio. Ufundi wenyewe aliupata vitani, huko Burma, alikobebeshwa mitambo ya mawasiliano mgongoni, na aliporudi hakutaka tena kusikia habari ya jembe. Tulikaa vyumba viwili katika mtaa wa Waafrika, na chumba cha mbele kilikuwa karakana. Wazungu wa mashamba ya mahindi walileta redio zao kwa magari, wenye maduka walituma watumishi, na walimu na makarani wetu walikuja wenyewe kwa miguu, wamekumbatia redio kifuani kama mtoto mwenye homa. Mama alikuwa mshonaji. Upande mmoja wa chumba cherehani iligonga, upande wa pili redio ilikoroma, nami nikalelewa katikati ya kelele hizo mbili nikidhani kila nyumba duniani iko hivyo.

Baba alikuwa na msemo wake: "Usiogope kufungua kitu. Ogopa kusahau kilivyokuwa." Mimi, kwa hiari yangu, nilikuwa nimeshika nusu ya kwanza tu.

Wafula alikuja Jumatatu. Alikuwa kijana wa Kamukuywa aliyefanya kazi ya reli Kampala, na gita lake alikuwa ameshuka nalo kwenye stesheni ya Bungoma, akalileta Kitale kwa baiskeli likiwa limefungwa blanketi. Sikuwa nimewahi kuona gita la umeme. Lilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, na chini ya nyuzi palikuwa na kisahani cha chuma chenye skrubu mbili. Ukilipiga hivi hivi, lilinong'ona tu. Lakini Baba alichomeka waya wake nyuma ya redio ya betri, pale ambapo watu huchomeka gramafoni, na Wafula alipogusa uzi mmoja, vikombe vya Mama vilitetemeka kabatini.

"Sasa shida iko wapi?" Baba aliuliza. "Si linaongea?"

"Linaongea, Fundi, lakini liko na sauti moja tu," Wafula alisema. "Mzee wangu anasema linalia kama mbuzi amefungwa kwa mvua. Anataka likuwe na kifua. Kama litungu."

Litungu ni kinubi chetu Wabukusu, na baba yake Wafula alikuwa amelipiga katika arusi za watu maisha yake yote. Kisha mkono wake wa kushoto ulipooza. Jumamosi ya wiki iliyofuata Wafula mwenyewe alikuwa anaoa, na mzee alikuwa amesema waziwazi kwamba arusi ya mwanawe isiyo na litungu ni mkutano wa chai. Wengine waliopiga litungu hakuwataka, maana aliwaona wanafunzi. Wafula aliahidi kuupiga wimbo wa baba yake kwa gita.

Bibi arusi aliitwa Wambui. Wazazi wake walitoka Kiambu zamani kuja kulima upande wa Kitale. Watu wake nao walikuwa na muziki wao, ule unaochezwa kwa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, na mjomba wake ndiye aliyekuwa mpigaji. Lakini miaka ile ya hali ya hatari watu wa kabila lake hawakuweza kusafiri bila kibali cha serikali, na mjomba alikuwa ameomba akanyimwa.

"Hiyo ya kodiani nimeachia Mungu," Wafula alisema. "Wewe nipatie kifua peke yake."

Alipoondoka, Baba alinionyesha kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, chenye miguu miwili ya waya. Mafundi wa siku hizo walikiita kondensa. "Hiki hunywa sauti nyembamba," aliniambia, "kikaacha ile nene. Nitakiunga na kitufe cha kuzungusha. Wafula akizungusha kidogo, kinakunywa kidogo. Akizungusha sana, kinalewa."

Nilicheka, lakini neno hilo lilinikaa. Kama sauti inaweza kunywewa, basi ni kitu. Na kama ni kitu, iko mahali. Siku mbili nzima niliwaza hayo, darasani, mtoni, hata kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Inaingilia wapi? Nyuzi za gita hazikuguswa na waya yoyote. Zilipita tu juu ya kile kisahani, kama watu wanaopita mbele ya nyumba ya mtu, na aliye ndani akajua ni nani anayepita.

Jumatano, nilipotoka shule, Baba alienda kutengeneza redio ya Mzungu mmoja upande wa Endebess, Mama akaenda sokoni kununua vitambaa. Niliambiwa nilinde nyumba. Nililinda kwa muda wa kutosha kuhakikisha kwamba Mama amepita kona, kisha nikachukua bisibisi.

Skrubu zilitoka bila ubishi. Chini ya kisahani nilikuta sumaku, na kuizunguka sumaku palikuwa na kitu kama kidonge cha uzi, kilichofungwa utepe wa kitambaa. Nilibandua utepe. Ndani mlikuwa na waya. Wasomaji wangu, nimeishi miaka mingi lakini sijaona tena waya ya namna ile. Ilikuwa nyembamba kuliko unywele wangu, nyekundu kama shaba iliyooshwa, imezungushwa mara maelfu, mzingo juu ya mzingo. Nilijua hapa ndipo sauti inapokaa. Niliona ncha yake, nikaivuta kidogo tu, nione. Ikaja. Nikavuta tena, ikaja. Ilikuja kama ahadi ya mtu mkarimu, bila kuisha, ikajikunja mapajani mwangu ikimetameta, nami nikaendelea kuvuta nikisema moyoni kwamba mwisho wa waya hii nitakuta kile chenyewe.

Nilikuta mkato. Ilikatika bila hata sauti.

Hofu ya mtoto huwa na akili yake. Nilirudisha utepe, nikarudisha kisahani, nikakaza skrubu, nikapangusa alama za vidole kwa gauni langu. Ikabaki ile waya, fungu kubwa la kutosha kujaza kikombe, lakini jepesi kama pumzi. Niliificha kwenye kiota cha kuku nyuma ya nyumba, chini ya nyasi, na usiku huo nilisali kuliko mchungaji.

Kuku wetu, ambaye sikuwa nimemshirikisha katika shauri hilo, aliingia kutaga asubuhi. Alhamisi ile hatukuwa na shule. Baba alikuwa uani anakunywa uji, amesimama, mimi nikifagia mbali kadiri nilivyoweza. Kuku akatoka akitangaza yai lake, akapita kati yetu kwa maringo, na nyuma ya mguu wake jua likawaka juu ya uzi mwekundu uliokuwa ukimfuata mchangani. Baba alimtazama kuku. Akaweka kikombe chini. Akainama, akashika uzi ule kwa vidole viwili, akaufuata taratibu, mkono baada ya mkono, mpaka kiotani.

Nilingoja fimbo. Alirudi na lile fungu kiganjani, akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Naliaka," aliniita. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sauti."

"Ukaiona?"

"Sikuiona, Baba. Waya ilikatika kabla."

Nilimwona akitazama gita kupitia mlangoni, na uso wake ulikuwa umesinyaa kwa namna ambayo sikuipenda. Wafula alikuwa amelipata gita lile kwa kazi ya miaka mitatu, na Kitale yote hapakuwa na jingine. Mama, aliyekuwa amesikia kila kitu, alisema kutoka ndani, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Kuja," Baba aliniambia. "Uliyefungua ni wewe. Utakumbuka kilivyokuwa."

Tulifungua tena, safari hii wawili. Aliniamuru nimweleze kila kitu kwa mpangilio: utepe ulianzia wapi, waya ilizungushwa kuelekea upande gani, nilivuta kwa muda gani. Nilishangaa kwamba nilikumbuka. Kisha akatafuta ncha iliyobaki kwenye koili, ndiyo ile waya iliyozungushwa, akaikwangua kwa wembe, akaunga waya nyingine hapo kwa risasi. "Waya imepungua," alisema, "lakini haijaisha. Tusikilize iliyobaki inasema nini."

Alichomeka kwenye redio. Niligusa uzi.

Gita lililia, lakini kwa sauti ambayo hatukuijua. Ilikuwa nyembamba, kali, ikitokea puani, kama mwalimu wa kike anayeita majina. Nilidhani nimeliua kabisa, nikaanza kulia. Baba alinyoosha mkono kuninyamazisha. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja.

"Gusa tena," alisema.

Niligusa.

"Mama Naliaka, hebu simamisha hiyo cherehani. Sikiliza hii kitu."

Mama alisikiliza. "Ni kama kodiani yenye mafua," alisema.

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza, akichora chini kwa kijiti cha kiberiti, na huo ndio ulikuwa mwanga wa kwanza kuingia kichwani mwangu: koili yenye mizingo mingi hutoa sauti nene na nguvu nyingi, yenye mizingo michache hutoa nyembamba. Waliolitengeneza gita walichagua mizingo yote. Mimi kwa kutojua kwangu nilikuwa nimesimama njiani. "Sasa," alisema, "tukijazia mizingo iliyotoka, sauti ya zamani inarudi. Lakini tukiacha kiungo hapa katikati, pale ulipokatia, na tukiweka swichi, Wafula anachagua. Huku sauti ya koili nzima, huku sauti ya nusu. Na kondensa juu yake. Gita moja, midomo mitatu."

Tatizo lilikuwa waya. Ile ya kiotani ilikuwa imejikunja vibaya mno. Baba alifungua sanduku lake la vitani akatoa vile vya kusikilizia masikioni, alivyorudi navyo Burma, ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvigusa. Alivipasua mbele yangu. Ndani ya kila sikio mlikuwa na koili ndogo ya waya nyembamba kama ile.

Kuizungusha tulitumia cherehani ya Mama, kile kigurudumu kinachojaza uzi kwenye kibobo cha chini ya sindano. Mama alipinga, akasema mashine yake ni ya kushona nguo za watu siyo za mashetani, kisha yeye mwenyewe akasogeza kiti na kuonyesha jinsi ya kuzungusha mkono bila kushtua uzi. Baba aliongoza waya kwa vidole vyake vilivyopakwa majivu kidogo. Mimi nilizungusha. Ikikatika tulisimama, tukaunga, tukaendelea. Tulifanya hivyo Alhamisi hiyo na jioni mbili baada yake, na mkono wangu ulivimba, lakini asingeweza mtu kuninyang'anya kile kishikio. Swichi tuliitoa kwenye redio iliyokufa, ile ya kubadilisha mawimbi mafupi na marefu, na ilipogeuzwa ilitoa mlio wa "tak" ulioniridhisha sana.

Wafula alikuja kuchukua gita siku ya Alhamisi iliyofuata. Sikuwepo walipoongea, maana Baba alikuwa amenituma kurudisha ungo kwa jirani. Niliporudi nilimkuta Wafula ameketi, swichi inaenda tak, tak, tak, naye ametabasamu kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Arusi ilifanywa Kamukuywa, kwenye uwanja wa nyumba ya mzee, baada ya ibada ya kanisani. Tulifika kwa lori. Redio ya betri iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, nayo ikaungwa na betri ya lori hilo hilo. Watu wa Wafula walijaa upande mmoja chini ya turubai. Upande wa pili waliketi watu wa Wambui. Walikuwa kumi na mmoja tu, wale waliopata kibali. Walikuwa wamevaa vizuri, wameketi wima, wakiweka mikono magotini kama wanaongoja daktari. Mama yake Wambui alikuwa mwembamba, amejifunga leso nyeupe, na tangu alipofika alikuwa ameitikia salamu tu.

Wafula alianza na wimbo wa baba yake. Alizungusha kitufe cha kondensa mpaka mwisho, na sauti iliyotoka ilishuka chini, nzito na ya mviringo, ukaihisi tumboni kabla hujaisikia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, ule mkono wake mgonjwa umelazwa juu ya paja. Alifumba macho. Wimbo ulipofika mahali fulani, alisema kwa sauti ya kawaida, "Pole pole hapo. Hapo unangoja watu waitikie." Wafula akangoja. Watu wakaitikia. Nilimwona mzee akipiga paja kwa mkono ule mzima, na alipomaliza alimwambia aliyekaa karibu naye, "Hii gitala sasa imekula ikashiba."

Watu wa Wambui walipiga makofi ya heshima. Sasa ilikuwa zamu ya kodiani, na kila mtu alijua kwamba mwenye kodiani hayupo, ila hakuna aliyetaka kulitaja.

Wafula aligeuza swichi. Tak. Akaanza wimbo mwingine, wa kwao kina Wambui, aliofundishwa na Wambui mwenyewe kwa kuimbiwa taratibu. Aliukosea mara mbili. Sauti ilikuwa ile nyembamba ya puani, yenye mafua yake. Wale kumi na mmoja walitazamana.

Mama yake Wambui aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alitembea mpaka mbele ya meza, akainamia redio kama mtu anayesoma barua, akasikiliza.

"Hii si kodiani," alisema.

"Si kodiani, mama," Wafula alijibu. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Kaka yangu angekucheka." Akainua kichwa. "Lakini njia ya wimbo inaijua. Rudia mwanzo, na usikimbie."

Wafula alirudia. Mama yule alimshika mkono mmoja wa wazee wao, wakaanza kucheza, hatua mbili mbele, kugeuka, kuinama kidogo, kwa adabu kubwa. Wengine wakafuata. Haukupita muda wasichana wa Kibukusu nao wakaingia kujifunza zile hatua, wakikanyagana. Sitawadanganya kwamba wote walifurahi. Wapo wajomba wa Wafula waliobaki wameketi, na mmoja alisema kwa nguvu kwamba wimbo huo hauna kichwa. Lakini mimi sikumjali. Nilikuwa karibu na sufuria za wali pamoja na watoto wengine, nikiwatangazia kwamba sauti ile naijua inakokaa, na hakuna aliyeniamini.

Baada ya arusi ulikuja msimu ninaouhesabu kuwa mtamu kuliko yote ya utoto wangu. Baba alikuwa nyumbani. Redio za Wazungu hazikuja, za wenye maduka hazikuja, na meza yake ikawa yetu sisi wawili. Kila nikitoka shule alikuwa ananingoja na redio mbovu, akisema, "Fungua. Niambie unaona nini." Alinifundisha kulehemu. Alinifundisha kuisikia waya iliyokufa kwa betri na kipande cha spika. Tulikula mboga ya mrenda na ugali siku nyingi, nyama sikumbuki, lakini sikumbuki pia kama niliitamani. Nilidhani Baba ameamua kupumzika ili awe nami. Kisha taratibu watu walianza kurudi, na miongoni mwao wapiga gita wa Bumula na Bungoma, wakitaka magita yao yawekewe sauti mbili kama la Wafula.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa sayansi na mama wa watoto wawili, nilimtembelea Wambui Kamukuywa. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Katika mazungumzo alisema, akicheka, "Baba yako alikuwa mtu mwaminifu sana. Fundi gani atamwambia mteja, nimekukatia waya kwa uzembe wangu? Wafula aliwasimulia watu wazima wote siku ya arusi, ninyi watoto mkiwa kwenye sufuria za wali. Alidhani anamsifu."

Niliacha hindi mkononi. Nilimuuliza watu walisemaje. Wambui alitazama chini. "Watu walisikia lile la kukata tu," alisema. "Ilimchukua muda kupata kazi tena. Kwani hukujua?"

Sikujua. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nilirudi Kitale nikamkuta Mama anachambua maharagwe, nikamuuliza kwa nini Baba alijitwika kosa langu, wakati lilikuwa kosa la mtoto, na Wafula angelisamehe.

"Wafula angelisamehe," Mama alikubali. "Nilimwambia hivyo hivyo." Aliendelea kuchambua kwa muda. "Akaniambia, jina la fundi likianguka huinuka, akitengeneza vitu vitatu vizuri limeinuka. Lakini mtoto wa kike akishaitwa mharibifu, hakuna mtu atampa bisibisi tena."